Uzi wa Kuizunguka Marmaria

Ngamia wa mwisho wa akina Durmush walikuwa wamekwisha kulipita lango la mawe la Wahelene wa kale, mbwa akiwafuata ulimi nje, ndipo Diamantis alipozinduka kwamba amesimama njiani muda mrefu mno. Waturuki wa kijiji cha juu huhamia milimani kila kiangazi, na hilo halimshangazi mtu. Lakini huwa wanahama kwa makelele, kuku wamo matengani, watoto wanatupiana maneno. Safari hii walihama kwa asubuhi moja, kimya, na bibi zao wasioweza kujishikilia juu ya mnyama wakafungwa kamba kama mizigo.

Durmush mwenyewe alikuwa ameshuka kumfuata. Walifahamiana tangu utotoni, walipokuwa wakichunga mbuzi pamoja kwenye zile ngazi za mawe ambako Wahelene hao walikaa wakitazama ngoma zao. Alimsihi afunge mlango waondoke wote. Huko juu kuna hema, kuna maziwa, na maji yanatoka mwambani hayajaguswa na mkono wa mtu.

"Kinakuzuia nini, bwana wee? Mkeo ulishamzika. Binti yako yuko mjini."

Diamantis alijibu kuwa kuna kazi ya kanisa. Alijibu bila kumtazama machoni, mkono mmoja ameubana kifuani, maana chini ya shati alikuwa ameficha nusu mkate na kibuyu cha maji. Durmush akamwangalia kidogo, akasema Mungu awafunike, akamchapa ngamia wake akaenda.

Binti yake hakuwa mjini.

Zambeta alikuwa na miaka kumi na tisa, mtumishi wa nyumba ya tajiri mmoja kwenye mji wa bandari. Kipindupindu kilipoingia mjini, tajiri alipanda meli na mkewe na vyombo vyake vya fedha, akamwacha msichana amekaa kwenye ngazi za mlango. Akatembea siku nne kufuata pwani, akilala kwenye mafunjo ya vinamasi na kunywa maji yoyote aliyoyakuta. Jana yake alfajiri Diamantis alipokwenda kuwasha kandili katika kikanisa cha Mtakatifu Pelagia, nje kidogo ya kijiji, alimkuta amejikunja kizingitini, meno yanagongana, matapishi mbele yake. Alimwingiza ndani, akamfunika kwa kitambaa cha madhabahu, akamlaza kichwa mapajani mpaka alipotulia, kisha akamfungia kwa nje na kurudi kijijini, ufunguo ukining'inia shingoni kama kawaida. Yeye ndiye mtunza kanisa, na ndiye mtengeneza mishumaa. Hakuna aliyeuliza.

Angemwambia nani? Wiki moja kabla, mwenye mashua mmoja mgeni alikuja kuomba maji. Wanaume walimngoja ufukweni na mawe mikononi, wakampiga mpaka akarudi baharini. Siku ya tatu mashua yake ilionekana imepinduka kwenye miamba, naye yumo chini yake. Aliyerusha jiwe la kwanza ni Stamatis, na Stamatis si mtu mbaya. Ndiye aliyekuwa mbele ya jeneza la mke wa Diamantis, akilia kuliko ndugu wa damu. Diamantis alikuwa akiyafikiria hayo mawe usiku kucha. Kila alipofumba macho aliona mkono wa Stamatis umeinuka.

Na sasa, kengele ilipogongwa, Padri Gerasimos aliwakusanya watu mbele ya kanisa la Mtakatifu Haralambos na kuwaambia kwamba leo, kabla jua halijazama, kijiji chao cha Marmaria kitazungushiwa uzi.

Wazee walikuwa wameyasikia kwa wazee wao. Wanawake husokota uzi wa pamba tangu asubuhi, na anayesokota hasemi neno hata akichomwa na nyuki. Uzi huchovywa katika nta iliyoyeyushwa, kisha unatandazwa kukizunguka kijiji chote, na ncha zake zinafungwa fundo jua likiwa halijatua. Yote siku moja. Ukiingia usiku, umesokota bure. Fundo likishafungwa, hakuna anayeuvuka kwa siku arobaini, kuingia wala kutoka. Aliye ndani yuko chini ya Mtakatifu Haralambos, aliyeikanyaga tauni shingoni. Aliye nje, ni yeye na Mungu wake.

Kazi ya nta ilikuwa ya Diamantis. Aliwasha moto uani, akateleka sufuria kubwa ya shaba, akavunja ndani yake nta ya miaka mitatu. Wanawake walikaa kivulini kando ya ukuta, ule ambao waashi wa zamani waliuchanganya na mawe ya Wahelene hata ukiutazama utaona uso wa msichana wa marumaru umewekwa kichwa chini. Walisokota kimya. Zaidi ya arobaini, na husikii ila mivumo ya vijiti vya kusokotea. Kwa mtu mwenye siri, kimya kile kilikuwa kama kusikilizwa. Uzi ulimjia mkono kwa mkono, akauzamisha, akauvuta, akaupitisha katikati ya vidole vyake ili nta ishike, akauzungusha kwenye gogo. Pima kwa pima. Vidole viliungua akashukuru, kwa sababu vilipoungua havikutetemeka.

Mara mbili alitafuta njia ya kutoroka akamhamishe Zambeta. Lakini vijana wa zamu wenye bunduki walikuwa wameketi juu kabisa kwenye ngazi za mawe, na kutoka pale panaonekana pwani yote, na kikanisa cha Mtakatifu Pelagia kinaonekana kama kiko mkononi, kimejengwa katikati ya nguzo nne ndefu za hekalu la kale. Hata paka asingetoka mle mchana bila kuonekana.

Saa nane uzi ulikuwa tayari, na mabishano yakaanza: upitishwe wapi?

Upande wa kaskazini hakukuwa na shida, ungefuata ukuta wa mji wa Wahelene. Upande wa bahari ungezunguka majeneza ya mawe ya watu wa kale, wanamonyweshea mbuzi. Upande wa mashariki ndiko kulikokuwa na kikanisa, hatua mia tatu nje ya nyumba ya mwisho. Diamantis alisema, kwa sauti aliyotaka iwe ya kawaida, kwamba kukifuata kikanisa ni kuongeza mwendo bure, hakikai mtu kule, uzi ukatize mashambani tu.

Malamo akacheka. Alikuwa mkunga wa kijiji, mwanamke mkavu, mrefu, na miaka kumi na tisa nyuma ndiye aliyemshika Zambeta juu ya birika la ubatizo. Sasa uzi ulikuwa umeisha kusokotwa na ruhusa ya kusema imerudi, na yeye maneno yalikuwa yamemjaa tangu asubuhi.

"Umwache Mtakatifu Pelagia nje? Mtu wa kanisa wewe? Siku arobaini mwanamke wa watu amekaa nje na kipindupindu, halafu Agosti uende kumwomba mvua?"

Watu wakaitikia. Padri naye akasema hilo halizungumziki. Tena usiku wa kwanza, alisema, ni desturi wajawazito na watoto walale ndani ya makanisa yaliyozungushiwa, na kanisa kubwa haliwatoshi. Watoto watalala kwa Mtakatifu Pelagia.

Diamantis akaliinua gogo wote walione. Akasema uzi hautoshi. Nta ni hii, imekwisha, aliyekuwa na nyingine aseme.

"Wewe unalilia nta kama bibi harusi anayelilia kwao," Malamo alimwambia, na wachache wakacheka, kicheko kifupi cha watu wenye hofu. Kisha akavua kitambaa chake cha kichwani, mbele ya wanaume wote, akakishika pindoni na kuanza kukifumua. Mwingine akavua chake. Msichana mmoja akakimbia nyumbani akaja na shuka la mahari. Haikupita saa, uzi ulikuwa umeongezeka kuliko uliohitajika, na visiki vyote vya mishumaa vya kijiji vilikuwa vinaelea kwenye sufuria yake. Diamantis akauchovya na huo. Hakuwa na uongo mwingine.

Wakaanza kutembea. Diamantis alitangulia na gogo la uzi kifuani, akiuachia kidogo kidogo. Nyuma yake Stamatis, bunduki begani, aliutandaza na kuubana kwa mawe. Palipokuwa na kipande cha nguzo akauzungusha mara moja. Nyuma alikuja padri na chetezo, kisha picha ya Mtakatifu Haralambos imebebwa na wanaume wawili, kisha kijiji chote, watu mia na sitini, wanaimba kwa sauti ya chini maombi yale yale. Kaskazini wakapita. Bahari wakapita. Jua lilikuwa limeshuka kiasi cha viganja vitatu juu ya maji, na vivuli vyao vilikuwa vimerefuka mbele yao kuelekea zile nguzo nne.

Diamantis aliziona nguzo zinamkaribia. Alihesabu: hatua mia mbili. Mia na hamsini. Akaomba uzi ukatike, maana ukikatika imeharibika kazi, wangerudi nyumbani. Ulikuwa uzi mzuri. Alikuwa ameutengeneza mwenyewe.

"Fungua mlango," padri alimwambia walipofika. "Picha ya mtakatifu itolewe, naye aone, kisha tuzungushe."

Ufunguo uligonga kitasa mara tatu kabla haujaingia. Stamatis akamuuliza kama anaumwa. Akasema ni kuungua vidole. Akasema aingie peke yake kwanza, awashe kandili, haifai mtakatifu atolewe gizani. Akaurudisha mlango nyuma yake.

Zambeta alikuwa ameketi, mgongo ukutani, amevutia magoti kifuani. Macho yalikuwa makubwa. Alikuwa amewasikia wakija, kijiji chote, na kwa jinsi alivyojibanza kwenye pembe Diamantis alielewa alikuwa akingoja nini.

"Wamekuja kunitoa, baba?"

"Hapana. Wanazungusha uzi. Watakufungia ndani pamoja nasi."

"Hawajui kama nipo?"

"Hawajui."

Alifikiri kidogo. Midomo ilikuwa imepasuka. "Basi nitakaa nyuma ya pazia la madhabahu," alisema. "Nitanyamaza. Hata nikitetemeka nitauma nguo."

Nje walikuwa bado wanaimba, na katikati ya sauti za wakubwa Diamantis alizisikia za watoto, nyembamba, zimechelewa neno moja nyuma kama kawaida yao. Watoto ambao baada ya saa mbili wangeletwa hapa na blanketi zao walale sakafu hii. Aliitazama sakafu. Alimtazama binti yake. Nusu ya mkate wa jana ilikuwa pale pale haijaguswa. Alitoa nusu nyingine na kile kibuyu kutoka kifuani akaviweka karibu naye. Hakuwahi kuogopa hivyo maishani. Alimhofia binti, aliwahofia watoto wale, na aliogopa saa ile ipite kabla hajachagua.

Akaichukua picha ya Mtakatifu Pelagia ukutani akatoka nayo. Aliuacha mlango wazi.

"Padri," alisema, "kanisa hili liacheni nje. Na mimi niacheni nje."

Nyimbo zikafa kuanzia mbele kwenda nyuma. Padri hakuelewa. Malamo ndiye aliyeelewa, kwa sababu hakuwa akimtazama Diamantis, alikuwa akitazama nyuma yake, gizani mle.

"Ni nani?" akauliza.

"Zambeta."

"Tangu lini?"

"Jana alfajiri."

Watu walirudi nyuma kwa pamoja, kama maji yanaporudi. Wanawake waliwanyakua watoto. Diamantis alisikia mlio mdogo wa chuma. Stamatis alikuwa ameishusha bunduki begani. Uso wake ulikuwa mweupe na alikuwa akitingisha kichwa, mfano wa mtu anayeamriwa kitu ambacho yeye mwenyewe hataki kukifanya. Diamantis akasogea hatua moja akasimama katikati ya mlango, picha ameishika mbele. Hakuwa na kingine cha kushika.

"Hatatoka," alisema. "Wala mimi sitatoka. Sirudi huko kwenu, Stamatis. Siombi kitu. Pitisheni uzi upande huo."

"Asubuhi umenisalimia," Malamo alisema polepole. "Umenishika mkono."

"Nimekushika."

Hapo ndipo mtu mmoja nyuma, Diamantis hakumwona ni nani, alisema jambo ambalo wote walikuwa wanalikaribia kila mmoja kwa njia yake. Alisema: uzi. Uzi wote umepita mikononi mwake.

Watu wakageuka wakautazama. Ulikuwa umelala pale nyuma yao, mweupe, umebanwa kwa mawe, unapotelea kuelekea baharini na kuzunguka mpaka milango yao. Kila pima. Wanawake walianza kujifuta mikono kwenye sketi. Mmoja akalia kwamba wamejizungushia kipindupindu wenyewe, uchomwe. Mwingine akamuuliza uchomwe kisha tuwe na nini, jua hilo hapo. Padri Gerasimos alisema nta imechemka motoni, na kilichopita motoni kimetakasika; alisema mara mbili, na mara ya pili sauti ilimpasuka, hata waliotaka kumwamini wakasita. Kwenye ncha ya uzi, gogo lilikuwa chini miguuni pa Diamantis, alipoliacha. Bado kulikuwa na pima kama mia nane za kwenda. Hakuna aliyelisogelea.

Viganja viwili vya jua. Kimoja na nusu.

Malamo akatoka katikati ya wenzake, kichwa wazi, nywele zake za kijivu zimetimka. Alikwenda mpaka hatua chache mbele ya Diamantis, akainama, akalichukua gogo akalipakata.

"Anaharisha maji?" aliuliza, bila kumtazama.

"Hapana. Anatapika. Anatetemeka, halafu anaungua, halafu jasho."

Malamo alitaka kusema kitu, akaangalia nyuma kwa watu, akaona hakuna wa kukisikia. Akasema tu, "Mpe maji kidogo kidogo. Usimpe mengi." Kisha akapaza sauti kwa wengine kwamba asiyetaka kufuata abaki hapo na Diamantis, nafasi ipo, na akaanza kutembea, akiuachia uzi upande wa kijijini, ukakiacha kikanisa na nguzo zake nne nje. Stamatis alisimama kidogo. Akairudisha bunduki begani na kumfuata akitafuta mawe ya kuubania.

Diamantis aliwatazama wakienda. Aliposikia kengele ya kutangaza kwamba fundo limefungwa, jua lilikuwa bado na ukucha mmoja juu ya maji. Akaingia ndani, akafunga mlango. Akakaa sakafuni karibu na binti yake, wakawa wanatetemeka wote wawili.

Zambeta hakuwa na kipindupindu. Ilikuwa homa ya vinamasi, ile ya kutetemeka kila siku ya tatu, na ilimtesa mpaka majira ya zeituni, kisha ikamwacha. Miaka miwili baadaye aliolewa na mzamia sifongo wa kisiwani, akazaa watoto wanne, wawili wakaishi.

Kipindupindu kiliingia Marmaria siku ya kumi na moja. Walikufa watu ishirini na sita, akiwemo Padri Gerasimos na watoto wote wawili wa Stamatis. Baadhi walisema ni uzi. Wengine walisema ni kisima cha chini ya ngazi za mawe, na wengine kwamba ni yule mwenye mashua. Ndani ya kikanisa hakufa mtu. Uzi haukuvukwa mpaka siku ya arobaini. Siku hiyo ulikunjwa ukachomwa kama mishumaa, ukaisha kwa wiki tatu.

Malamo hakuugua. Kila asubuhi kwa siku zile arobaini aliweka mkate mkavu wa shayiri na mtungi wa maji juu ya kipande cha nguzo kilichokuwa mpakani, akaondoka kabla Diamantis hajaja kuvichukua. Alikufa uzeeni, baada ya miaka kumi na minne.

Stamatis alihamia mjini na mkewe. Durmush alirudi na watu wake mwezi wa Oktoba. Alimpoteza mama yake njiani, kwa uzee. Diamantis alikabidhi ufunguo na hakuombwa tena kuushika. Alifuga nyuki milimani karibu na hema za akina Durmush, akawa anauzia nta vijiji vingine. Paa la kikanisa liliporomoka masika yaliyofuata na halikujengwa upya. Nguzo nne zimebaki tatu.